Azimio la Kuihurumia Ng'ambo

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa woga, hapana. Ni kwamba ilipitishwa kanuni kuwa jina hilo litamkwe na mtu aliyesimama wima, amevaa viatu, nami naandika nikiwa nimekaa. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani, ina majimbo kumi na moja, kila jimbo lina Baraza lake la kutunga sheria, na kila Baraza lina Spika.

Sisi ni watu wa Jimbo la Kusini Kidogo. Katiba imelipa Baraza letu mamlaka juu ya vitu vinne: masoko, mbwa wasio na mwenyewe, vyoo vya umma na kivuko cha Mto Lukwe. Imelinyima mamlaka juu ya kitu kimoja tu, nacho ni uhusiano na nchi za nje. Sasa hebu fikiri wewe mwenyewe. Mtu mzima, mwenye suti, aliyechaguliwa kwa kura za watu, akae kutwa nzima anajadili vyoo? Waheshimiwa wetu waliona huo ni udhalilishaji. Wakaamua kushughulika na nchi za nje kwa njia pekee waliyobakiziwa, yaani maazimio.

Azimio la Baraza letu haliendi popote. Linasomwa, linapigiwa makofi, linagongwa muhuri, linafungiwa kabatini. Nchi iliyolaaniwa haipati habari kuwa imelaaniwa, na iliyopongezwa hulala usiku huo kama ilivyolala jana yake. Huo ndio uzuri wa azimio. Vyoo hushindwa, masoko huungua, lakini azimio letu halijawahi kushindwa hata siku moja.

Karani wa Baraza ni msichana mpole anayeitwa Semeni, jina alilopewa na wazazi waliokuwa na matumaini. Mezani kwake ana mihuri mitatu: KUPONGEZA, KULAANI na KUSIKITISHWA. Upo wa nne, KUTEKELEZA, lakini huo bado umo ndani ya karatasi yake ya kiwandani, na Semeni ameagizwa asiufungue usije ukaingia vumbi. Ana pia trei mbili za barua. Moja imeandikwa NDANI, nayo inakaa kwenye korido, chini ya lile bati linalovuja. Ya pili imeandikwa NG'AMBO, maana Waheshimiwa wetu huziita nchi za nje kwa neno hilo la heshima, nayo inakaa juu ya kitambaa cha kufuma, karibu na mlango wa Spika. Barua za NG'AMBO husomwa siku ileile. Barua za NDANI husomwa muda ukiruhusu, na muda bado haujaruhusu.

* * *

Mto Lukwe unalipasua jimbo letu katikati. Upande wa huku kuna mji, Baraza na hospitali. Upande wa pili kuna mashamba ya mpunga, zahanati ya vyumba viwili, na watu elfu tatu ambao hupiga kura bila kukosa. Kijiji chao kina jina refu katika vitabu vya serikali, lakini tangu enzi za mababu kila mtu hukiita Ng'ambo, kwa kuwa kiko ng'ambo ya mto.

Kivuko chenyewe ni pantoni ya mbao. Abiria huivuta kwa mikono yao wakishika kamba ya chuma iliyofungwa ukingo hadi ukingo. Mwezi wa tatu kamba ilikatika. Pantoni ikaelea taratibu mpaka kwenye matete, ikakaa huko, bata wa mwituni wakaanza kuitagia. Mitumbwi haikuwepo. Baraza lilikuwa limeipiga marufuku kwa ajili ya usalama wetu, maana kivuko kipo.

Nesi wa Ng'ambo anaitwa Nyamizi. Ni mwanamke mrefu, na urefu huo ndio uliomwezesha kufika mjini, kwa sababu mbali kule juu, mwendo wa nusu siku, kuna mahali ambapo maji yanamfikia mtu mrefu kifuani. Alivuka na barua yake ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kichwa. Akaingia ofisini kwa Semeni huku nguo zinadondosha maji sakafuni.

"Shikamoo, mama," alisema Semeni akiinuka. "Chukua kanga yangu hii ujifunge."

"Marahaba, mwanangu. Usihangaike, nitalowa tena nikirudi." Akafungua mfuko. "Nimeleta barua. Fupi tu. Tunaomba mita themanini za kamba ya chuma, unene wa kidole gumba. Hatuombi daraja. Kuivuta tutaivuta wenyewe."

Semeni aliisoma barua yote, jambo ambalo halikuwa sehemu ya kazi yake. Iliandikwa kwamba mdogo wake Nyamizi, aitwaye Wande, ana mimba ya pacha. Wa kwanza amekaa vizuri, wa pili amelala kikingamo. Daktari wa mjini alikuwa amesema kabla kamba haijakatika: huyu ajifungulie hospitali, kwa upasuaji, na asicheleweshwe. Siku zake zilikuwa zinatimia mwishoni mwa mwezi wa sita. Wande ni mfupi. Mahali pale pa kuvukia, maji yangempita kichwani.

"Nitaiweka kwenye trei ya NDANI," alisema Semeni kwa sauti ndogo.

"Itasomwa lini?"

"Muda ukiruhusu."

"Mwanangu, mimba haina kanuni za Baraza. Ikifika imefika."

Semeni aliinamisha kichwa. Nyamizi akamtazama, akamwonea huruma, akacheka ili amwondolee aibu.

"Haya, nionyeshe pa kukaa. Nitawasikiliza hao wanaojua kusema."

* * *

Wiki hiyo Baraza lilikuwa na jambo zito. Mbali huko, mahali ambapo maji huganda, Ufalme wa Hustoria na Jamhuri ya Pelmonte zilikuwa zinagombea jabali lililo katikati ya bahari. Jabali lenyewe halina mtu. Lina ndege, na mavi ya ndege. Lakini miaka miwili nyuma mgeni mmoja kutoka Pelmonte alipotea njia akalala mjini kwetu, na asubuhi akawaachia Waheshimiwa skafu za sufu, moja kwa kila mmoja. Tangu hapo Waheshimiwa walizivaa kila kikao. Joto la ukumbi wetu unalijua. Walikuwa wanatoka jasho kama watu wanaopika ubwabwa wa harusi, lakini hakuna aliyeivua, kwa sababu kuivua kungetafsiriwa vibaya huko Pelmonte.

Hoja ilikuwa kuilaani Hustoria. Siku ya kwanza walikubaliana kulaani. Siku ya pili mjumbe mmoja akaomba waseme "kulaani vikali". Mwingine akasimama akasema "vikali" peke yake ni dharau, yafaa "vikali sana". Siku ya tatu Kamati ya Lugha iliitwa itoe ushauri kuhusu tofauti kati ya "vikali sana" na "kwa ukali mkubwa". Kamati ikashauri vyote viwili viwekwe, kimoja mbele kimoja nyuma, laana ikae katikati isianguke.

Siku hiyo ya tatu ndiyo aliyofika Nyamizi, naye alikuwa amekaa juu, kwenye jukwaa la wageni, kiti chake kimelowa. Alisubiri asikie mtu anataja mto.

Mwisho akasimama Mheshimiwa Chambulila, mjumbe wa upande wa pili wa Lukwe, yule ambaye Ng'ambo ilimpa kura zake zote. Nyamizi akasogea mbele.

"Mheshimiwa Spika!" aliunguruma Chambulila, akiirekebisha skafu yake. "Sisi tunakunywa chai hapa. Lakini je, tumejiuliza hali ya mwananchi wa kawaida wa Pelmonte? Maji yamemzunguka! Hebu vuta picha, Mheshimiwa Spika. Mama mjamzito wa Pelmonte amesimama ukingoni. Tumbo hili hapa! Hospitali anaiona kwa macho. Chombo cha kumvusha hakuna! Anamwita kiongozi wake. Kiongozi wake yuko wapi?"

Akatoa leso, akalia. Alilia kweli, machozi yenye chumvi; wanaokaa karibu naye waliyaona. Wajumbe wengine nao wakajifuta kwa ncha za skafu.

"Mheshimiwa!" sauti ikatoka juu. "Mheshimiwa Chambulila! Huyo mama ni wa kwetu! Anaitwa Wande, binti wa Masanja, nyumba ya tatu kutoka zahanati! Ulikula kuku wake wakati wa kampeni!"

Spika wetu, Mheshimiwa Nzowa, aliivaa miwani yake, akatazama juu, akaivua.

"Mgeni," alisema kwa upole, "huyo mama ametajwa ndani ya hoja kuwa ni wa Pelmonte. Hoja haibadilishwi na mtu asiye mjumbe."

"Lakini ni wa kwetu, Mheshimiwa!"

"Kama ni wa kwetu," alisema Spika, "basi hahusiani na mjadala. Askari, msaidie mgeni kushuka. Na sakafu ipigwe deki."

Nyamizi aliondolewa, akaandikiwa marufuku ya kukanyaga jukwaa la wageni kwa vikao vitatu. Hustoria ililaaniwa vikali sana kwa ukali mkubwa saa saba na dakika kumi mchana. Saa saba na dakika kumi na moja waliingia kwenye chakula.

* * *

Mwezi wa tano Nyamizi alivuka tena. Na wa sita, mwanzoni. Barua yake ya kwanza ilikuwa bado kwenye trei ya NDANI, imelowa maji ya bati mpaka wino umekuwa kama mawingu. Safari hii Semeni alitoa karatasi mpya na kalamu, akamsogezea.

"Niandike upya?" aliuliza Nyamizi.

Semeni akatikisa kichwa kukubali. Halafu akasema, akitazama meza, "Mama, juu kabisa andika tu unakotoka. Kama mnavyopaita wenyewe."

"Ng'ambo?"

"Ndiyo. Andika: Kilio cha Watu wa Ng'ambo."

Nyamizi akaandika. Semeni akaipokea karatasi, akalisoma lile neno, akatafuta trei yenye neno hilo, akaiweka humo, juu ya kitambaa cha kufuma. Hakudanganya.

Nitamsemea, kwa sababu yeye hawezi: alidhani wataisoma na mmoja wao atashtuka. Alidhani Chambulila ataona "Mto Lukwe" kwenye mstari wa pili na kupaliwa na chai.

Chambulila ndiye aliyeisoma kwa sauti.

"Waheshimiwa, tumepokea kilio kutoka taifa la Ng'ambo! Wanasema kamba ya kivuko chao ilikatika mwezi wa tatu. Wanasema kina mama wao hawafiki hospitali. Wanasema," na hapo sauti yake ikapanda hadi kwa popo wa darini, "wanasema waliiandikia serikali yao, na serikali yao haikujibu!"

"Aibu!" wakapiga meza.

"Wajumbe wao wanakula na kunywa!"

"Aibu! Aibu!"

"Mimi nchi hiyo naijua, nimesoma historia yake. Ni watu wakarimu, walio chini ya watawala wasio na huruma. Naomba tuwalaani watawala hao!"

Nyamizi alikuwa amesimama nje, chini ya dirisha, marufuku yake haijaisha. Alisikia kila neno. Alimwona Semeni kupitia kioo, amefunika mdomo kwa kiganja.

Na hivyo, asubuhi hiyo moja, bila Kamati ya Lugha, Baraza letu likawa la kwanza duniani kujilaani lenyewe kwa kauli moja. Lilipitisha Azimio la Kuihurumia Ng'ambo. Lilisikitishwa na hali ya kina mama, likawapongeza kwa uvumilivu wao, likamlaani vikali sana yeyote aliyewaacha bila kamba. Mihuri yote mitatu iligongwa kwenye karatasi moja. Ikaamuliwa pia kuwa ujumbe wa Waheshimiwa saba, ukiongozwa na Spika, usafiri mpaka Ng'ambo kulisoma azimio hilo mbele ya wananchi wake.

"Na kamba?" aliuliza mjumbe mmoja mzee ambaye masikio yake hayakuwa mazuri, kwa hiyo husikia mambo ya ajabu.

"Kamba ni mambo ya ndani ya nchi yao," alisema Spika. "Hatuwezi kuwaingilia."

* * *

Msafara uliondoka tarehe ishirini na sita ya mwezi wa sita, magari manne, na lori limebeba boti ya injini iliyofunikwa kwa turubai. Boti hiyo Baraza linayo siku zote. Ni ya safari za nje, ndiyo maana haijawahi kutumika. Baada ya dakika kumi dereva wa gari la mbele alisimama.

"Tumefika, Mheshimiwa."

Spika alichungulia dirishani. Aliuona mto, akaona matete, akaona pantoni imelala ubavu na bata wake.

"Huu si Lukwe huu?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ng'ambo ndiyo ile pale."

Mtu mwingine, mdogo kuliko Spika wetu, angegeuza gari. Mheshimiwa Nzowa aliivuta skafu yake juu kidogo.

"Sikujua ng'ambo iko karibu hivi," alisema. "Dunia imekuwa ndogo sana."

"Lakini Mheshimiwa," alinong'ona Chambulila, ambaye rangi ilikuwa imemtoka, "kule ni jimboni kwangu."

"Kulikuwa," alisema Spika. "Azimio likishapita, Chambulila, kinachokosea ni ramani. Shusha boti."

Upande wa pili walikuwa wanangojwa. Ng'ambo walipata habari kwamba chombo kinakuja, wakatoka wote, na Nyamizi alipiga magoti akashukuru, kwa maana uchungu ulikuwa umemwanza Wande alfajiri ile. Walimbeba na kitanda chake cha kamba mpaka ukingoni, wakamzungushia kanga, ili boti ikigusa tu aingizwe.

Boti ikagusa. Zulia jekundu likatandikwa juu ya tope. Waheshimiwa saba wakashuka, wakapanga mstari, na Spika akafungua faili.

"Wananchi wa taifa rafiki la Ng'ambo," alianza.

"Mheshimiwa," alisema Nyamizi, "karibuni sana. Naomba boti."

"Salamu zitafuata baada ya hotuba, mama."

Hotuba ikaendelea. Alisoma utangulizi. Alisoma "kwa kuwa" ya kwanza mpaka "kwa kuwa" ya tisa. Alipofika ya kumi, nyuma ya kanga kukasikika sauti nyembamba, kali, na kina mama wakapiga vigelegele: wa kwanza ametoka, mvulana, Kulwa. Spika akasimamisha kusoma, akainama kuwashukuru kwa vigelegele vile, akarudia aya nzima.

Nyamizi akatoka nyuma ya kanga, mikono imelowa damu mpaka viwiko.

"Mheshimiwa, wa pili amelala kikingamo. Hatoki kwa njia yake. Anatakiwa kupasuliwa, na sasa hivi, si kesho. Hospitali iko pale, moshi wa jiko lake ule unaouona. Nipe boti."

Spika aliwageukia wenzake. Wakakusanya vichwa. Kulwa alikuwa analia, kwa hiyo iliwabidi wapaze sauti.

"Ni suala nyeti," alisema mmoja. "Kumpakia raia wa nchi nyingine bila hati ya kusafiria."

"Tukimchukua sisi, serikali yao itasemaje?"

"Serikali yao ni nyinyi!" Nyamizi alipiga kelele. "Ni nyinyi! Chambulila, wewe si mjumbe wetu? Nitazame! Wande si alikuchinjia kuku?"

Mheshimiwa Chambulila alitazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa vizuri.

"Mama yangu," alisema, "mimi mwenyewe nimo humu kama mgeni."

"Shauri lake tutalipokea kwa maandishi," alisema Spika. "Tutalijadili Jumanne. Kwa sasa naomba utulivu, nimebakiza sehemu nzito, ile ya kuwalaani wanaowaacha kina mama wajawazito bila chombo."

Akaanza kuisoma. Na aliisoma vizuri, hilo hatutamnyima. Ilichukua dakika arobaini, pamoja na kurudia. Aliwaita hao watu mawe. Aliwaita chatu. Alisema siku moja watasimama ukingoni wao wenyewe na hakuna atakayewavusha. Nyamizi alikuwa amerudi nyuma ya kanga, anajaribu kumgeuza mtoto kwa mikono yake, huku Wande ameuma kipande cha kanga. Aliinuka mara moja tu, akamwambia mwanamke aliyekuwa jirani yake, "Sasa basi." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeufunga mlango.

Wanawake wanane walikinyanyua kitanda. Wakapita katikati ya mstari wa Waheshimiwa, juu ya zulia jekundu, wakaingia majini mpaka mapajani, wakakiweka kitanda ndani ya boti. Nyamizi akapanda.

"Dereva!" aliita Spika. "Usiwashe hiyo mashine! Hiyo boti ni ya kidiplomasia!"

Mwendesha boti, mtu wa makamo ambaye siku nzima hakuna aliyemsalimia, akavuta kamba ya injini.

"Mimi niliajiriwa kuvusha, Mheshimiwa," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniambia nivushe nini."

* * *

Simu ya ofisi ya Baraza iliita saa tisa kasoro.

"Semeni! Tumekwama huku!"

"Poleni, Mheshimiwa Spika. Mmekwama wapi?"

"Ng'ambo!"

Kwa mbali Semeni alisikia sauti za Waheshimiwa wengine wakipiga kelele kwamba jua ni kali na skafu zinawanyonga.

"Mheshimiwa," alisema, "nisamehe nikiuliza. Niiweke kwenye trei ipi?"

"Usiniletee habari za trei, mtoto wewe! Hao wanawake wamechukua boti, na haijarudi! Tafuta kamba, itengenezwe hiyo pantoni, tuvushwe! Sasa hivi!"

"Kamba ya urefu gani, Mheshimiwa?"

"Mimi nitajuaje?"

"Mita themanini," alisema Semeni, na safari hii sauti yake ilisikika mpaka kwenye korido. "Unene wa kidole gumba."

Kamba ilipatikana stoo ya Baraza, nyuma ya jengo. Ilikuwa mpya, imezungushwa kwenye gurudumu lake, na juu yake vimepangwa viti vya plastiki vya sherehe. Ilikuwa hapo tangu mwaka uliopita. Mafundi watatu waliifikisha mtoni, wakaivusha, wakaifunga ukingo hadi ukingo, wakaitoa pantoni kwenye matete na kuyahamisha mayai ya bata. Kazi yote ilichukua saa tatu. Narudia, kwa faida ya watakaosoma haraka: saa tatu. Kabla ya magharibi Waheshimiwa saba walikuwa wamekanyaga tena nchi yao, na Spika aliubusu udongo.

Hospitali walimpasua Wande. Yeye walimwokoa. Wa pili alikuwa msichana, na jina lake lilikuwa linamngojea, kama ilivyo kwa kila pacha wa pili wa kwao: Doto. Alitolewa amekwisha kufa. Daktari akamwambia Nyamizi lile neno wanalosema madaktari, kwamba wangewahi hata nusu saa tu. Nyamizi akamwuliza, "Wewe unajua 'kwa kuwa' kumi zinachukua muda gani?" Daktari hakuelewa, akadhani ni uchungu unamsemesha.

Abiria wa kwanza wa kawaida kuvushwa na kamba ile mpya alikuwa Doto, amefungwa katika kanga, mikononi mwa mama yake mkubwa. Watu wa Ng'ambo waliivuta pantoni kwa mikono, polepole, kama wanaoogopa kumwamsha.

* * *

Jumanne Baraza lilikaa. Lilipongeza ujumbe kwa ushujaa wake ugenini. Lilisikitishwa na kifo cha raia mmoja wa nchi jirani. Halafu likaja suala la kamba. Mtunza stoo alikuwa ameandika kwamba kamba ilitolewa kwa ajili ya kuurejesha ujumbe, na ujumbe umekwisha kurejea. Ikaamriwa irudishwe stoo, kwani mali ya jimbo haiwezi kufungwa kwenye nchi ya watu.

Mafundi walewale watatu walitumwa na spana zao. Walivuka kwa pantoni, wakaivuta wenyewe, wakafika upande wa pili, kwenye gogo ambako kamba imefungwa. Wakamkuta Wande. Alikuwa amekaa juu ya fundo lenyewe, mshono wake haujapona, mguu mmoja huku, mwingine kule, ananyonyesha. Nyuma yake walikuwa wamekaa kina mama wa Ng'ambo, kila mmoja na kazi yake ya mkono, anayechambua mchele anachambua, anayesuka anasuka.

"Shikamoo, mama," alisema yule fundi mkubwa, ingawa Wande angeweza kuwa binti yake. "Samahani. Tupishe kidogo tu. Tumetumwa."

"Marahaba," alisema Wande. "Na mimi nimetumwa."

"Umetumwa na nani?"

"Na Doto."

Mafundi wakatazamana. "Doto ndiye nani?" aliuliza yule wa mwisho, ambaye siku ile hakuwa amesikia.

Wande alimhamishia Kulwa kwenye titi la pili, lile lililokuwa limevimba kwa maziwa ya mwenzake.

Fundi mkubwa alivua kofia yake. Akairudisha spana mfukoni.

"Twendeni," akawaambia wenzake.

"Tukaseme nini, bosi?"

"Tutasema fundo limekataa."